Hodi katika Mlango wa Mwili

Katika nyumba za Unguja, iwe ya mawe Mji Mkongwe au ya makuti huko Tunguu, mgeni haingii mpaka abishe hodi. Hubisha mara tatu. Asipoitikiwa, hurejea alikotoka wala haoni vibaya. Adabu hiyo ni kukiri kwamba ndani yumo mwenyewe, na kwamba nyumba ni yake hata kama mlango uko wazi. Mwili nao ni nyumba, tena ni amana. Je, mgeni anayeingia humo bila kuumiza, akafanya kazi yake na kutoweka bila kuacha alama, naye anawajibika kubisha hodi? Na akiwajibika, ataibisha wapi?

Mgeni huyo si wa ngano. Mwaka 1959 mwanafizikia wa Marekani, Richard Feynman, alisimulia katika mhadhara wake wazo la rafiki yake mmoja, kwamba mgonjwa angeweza kummeza daktari wake wa upasuaji. Wakati ule maneno hayo yalikaribia mzaha. Mnamo Novemba 2025, watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, walichapisha habari za kijiroboti cha jelatini chenye umbo la mviringo, kidogo kiasi cha kupita katika mishipa ya ubongo. Ndani yake zimo chembe za oksaidi ya chuma ili sumaku ikishike, metali ya tantalamu ili kionekane katika eksirei, na dawa. Hakina injini wala betri. Huingizwa kwa mrija mwembamba. Kisha mitambo ya sumaku iliyo nje ya mwili hukiviringisha kwenye ukuta wa mshipa, hukivuta kinyume cha mkondo wa damu, au hukiachia mkondo na kukielekeza tu kinapofika njia panda, mithili ya nahodha anayetumia usukani akaliacha tanga. Kikifika penye damu iliyoganda, sumaku hubadilishwa kwa kasi kubwa, chembe za chuma zikapata joto, jelatini ikayeyuka, na dawa ikamwagika pale pale penye maradhi. Faida yake ni dhahiri, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ikienezwa mwili mzima huweza kusababisha damu kuvuja pengine. Majaribio yalifanywa katika mishipa ya bandia, kisha kwa nguruwe na kondoo. Kwa binadamu yalikuwa bado.

Sasa na tutazame kile ambacho mgeni huyu anakuja kukiondoa. Kisu kilikuwa na ubaya wake wote, lakini hakikuwa mwizi. Kabla hakijapita, mgonjwa alijua kwamba kitapita, na baada ya kupita, kovu lilibaki kuwa shahidi. Watu wa pwani waliijua maana hiyo kabla ya kuzijua hospitali. Aliyepigwa chuku alibaki na alama mgongoni. Aliyechanjwa chale alizibeba maisha yake yote. Na watu wawili waliochanjiana waliyahesabu makovu yao kuwa ndiyo hati ya udugu wao. Ngozi ilikuwa daftari, na kila aliyeandika humo aliweza kuulizwa.

Hata hivyo, si kila tiba ya pwani iliacha kovu. Limekuwapo kombe, ambapo aya huandikwa kwa zafarani katika sahani, zikaoshwa kwa maji, na mgonjwa akayanywa. Wapo wanaolikubali na wapo wanaolikataa, na hapa si mahali pa kuamua baina yao. Linalotuhusu ni kwamba mnywaji hakuhitaji alama ya kumshuhudia. Alimjua aliyeandika, alijua kilichoandikwa kimetoka wapi, na alijua kwa nini anakunywa. Pasipo kovu, ujuzi wa mgonjwa ndio uliosimama mahali pa shahidi.

Atatokea msomaji aseme kwamba hii ni anasa ya watu wazima wa afya. Nani analitamani jeraha? Mtu aliyepigwa na kiharusi, mdomo umepinda na mkono haumtii, ana haja gani na falsafa ya makovu? Msomaji huyo ana haki. Kupungua kwa maumivu ni neema, na asiyeipokea neema kwa sababu imekuja na umbo geni ni mjinga. Lakini jeraha lilikuwa na kazi mbili: kupitisha mkono wa tabibu, na kumwambia mgonjwa kwamba mkono umepita. Sayansi imeipatia kazi ya kwanza njia iliyo bora. Kazi ya pili haikufutika. Imebaki bila mwenyewe, na hapana mwingine wa kuirithi ila ulimi.

Urithi huo umekwisha kuanza. Katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, huko Muhimbili, Dar es Salaam, hufanyika matibabu yanayojulikana kama upasuaji wa tundu dogo: mrija hupenyezwa katika mshipa wa mkono au wa paja mpaka moyoni, na kifua kisifunguliwe. Yafaa kuyasikiliza maneno hayo mawili, tundu dogo. Bibi asiyeijua hata herufi moja ya Kilatini huyasikia, akaelewa nini atatendewa, akauliza ukubwa wa tundu na mahali litakapokuwa. Aliyeyatamka kwanza alibisha hodi kwa niaba ya matabibu wote watakaofuata.

Kijiroboti nacho kitahitaji maneno ya namna hiyo, maana maswali yake ni mazito zaidi. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, aghalabu nguruwe au ng'ombe. Mgonjwa wa Unguja atataka kujua ni ya mnyama gani. Huenda akaambiwa kwamba dharura huhalalisha, naye akaridhika. Lakini ridhaa hiyo ni yake kuitoa, si ya daktari kumtolea kwa kunyamaza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakasema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi mgonjwa ataulizia na chuma: jelatini ikishayeyuka, chembe zitakwenda wapi, na zitakaa siku ngapi? Tena asikubali kupigiwa chuku, kwa maana ile nyengine ya neno. Atakayemwambia kwamba kijiroboti kinajua ugonjwa uliko atakuwa ametia chumvi. Hakijui chochote. Anayejua, au anayekosea, ni mtu aliyesimama nje akiiongoza sumaku, na dhamana ni ya mtu huyo.

Limebaki swali gumu: mwenye kiharusi ambaye ulimi wenyewe umemfungika, naye ni miongoni mwa wale ambao tiba hii inawakusudia. Hodi ya kwake haiwezi kungojea usiku wa maradhi. Lazima ibishwe mapema, barazani, skulini na redioni, mpaka mke na watoto watakaojibu badala yake wawe wanajua wanajibu nini. Na akipona, aonyeshwe picha ya njia aliyopitiwa, apewe na maandishi yanayosema kilichotiwa mwilini mwake na aliyekitia. Hilo litakuwa kovu lake.

Vijiroboti hivi havitengenezwi Tunguu. Lakini Tunguu ndiko yaliko makao ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ambacho kimeunganishwa na Chuo cha Sayansi za Afya cha Mbweni pamoja na TAKILUKI, ile Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni. Wanaosomea utabibu na wanaosomea Kiswahili wanahesabiwa kuwa wana wa nyumba moja. Ni haki basi wakae kitako wakati mgeni angali mbali, wawaulize wagonjwa wenyewe wangependa aitwe nani na abishe vipi. Akishafika kitandani, muda wa kutafuta maneno utakuwa umepita.