Kazi ya Wengi Ni Dhima ya Nani?

Watu wanne wakibeba gogo, kila mmoja huona uzito umempungukia. Hiyo ndiyo faida ya ushirika, wala hakuna mwenye akili atakayeikana. Lakini je, mpenzi msomaji, dhima nayo hugawanyika kama uzito wa gogo? Wanne wakifanya kazi moja, nayo ikaleta madhara, kila mmoja atajibu robo tu ya kosa?

Swali hili huwakabili mapema wanafunzi wa uhandisi wa mitambo. Hapa Kenya masomo yao ya shahada huchukua miaka 5, na katika mwaka wa mwisho hutakiwa kubuni kitu, na aghalabu kukiunda. Katika vyuo vikuu vingi ulimwenguni kazi hiyo hufanywa kwa vikundi, kwa kuwa huko waendako hakuna aundaye gari au kinu peke yake. Basi kijana aliyezoea kujibu mtihani peke yake hujikuta anategemea hesabu za mwenziwe.

Tuseme wanafunzi watatu wanaunda mashine ya kupukuchulia mahindi. Wa kwanza amepewa pipa lenye meno, ambalo huzunguka na kupukuchua. Wa pili mota, puli na mkanda. Wa tatu kiunzi na kifuniko. Mota yao huzunguka mara 1,440 kwa dakika. Puli ya mota ina kipenyo cha milimita 100, na ya pipa milimita 300. Kwa hiyo pipa huzunguka mara 480. Siku moja yule wa pili akaikosa madukani puli ya 300, akafunga ya 150. Sasa pipa litazunguka mara 960. Mwendo umeongezeka mara mbili tu, lakini nguvu inayoyavuta meno yang'oke na kuruka nje imekuwa mara nne. Aliyelipima pipa hakuambiwa. Aliyebadili puli hakuuliza. Wa kifuniko alidhani wenziwe wamekwisha kupatana. Kila mmoja ameimaliza sehemu yake, na mashine ni ya hatari.

Mashine hiyo nimeibuni ili kueleza, lakini jambo la namna hiyo limekwisha kuua watu. Katika mji wa Kansas City, nchini Marekani, palikuwa na hoteli ambayo ukumbini mwake njia za kupitia watu zilining'inizwa darini kwa fito za chuma, moja juu ya nyingine. Mchoro wa kwanza ulionyesha fito ndefu za kushika njia zote mbili. Waundaji wa vyuma wakashauri kila ufito uwe vipande viwili, na njia ya chini ining'inie kwenye ile ya juu. Lilionekana badiliko dogo. Kumbe viungo vya njia ya juu vilibebeshwa mzigo maradufu. Tarehe 17 Julai 1981 njia hizo zilianguka, wakafa watu 114. Ulipofanywa uchunguzi, wahandisi walisema kuvipima viungo vile kulikuwa kazi ya waundaji, na waundaji wakasema kulikuwa kazi ya wahandisi. Hatimaye wahandisi wawili walinyang'anywa leseni zao katika jimbo la Missouri. Ni kweli walivyonena wahenga: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Labda utasema, "Si haki aliyejitahidi aadhibiwe kwa uzembe wa mwingine." Umesema kweli, na ndiyo maana ni vyema kila mwanafunzi aandike katika daftari lake aliyoyafanya, ili sifa na lawama zigawanywe kwa haki. Lakini adhabu ni jambo moja, na wajibu ni jingine. Adhabu huuliza ni nani aliyekosa; wajibu huuliza ni nani awezaye kuzuia kosa kabla halijatokea. Yeyote awezaye kuuliza, akanyamaza, hawezi kujitoa. Mkulima atakayesimama mbele ya mashine ile hana theluthi ya mkono ya kumgawia kila mmoja wao.

Wengi wetu huona haya kukagua kazi ya rafiki, tukidhani kwamba kumkagua ni kutomwamini. La hasha! Anayekuomba hesabu zako azipitie anataka kukuepusha na jambo ambalo ungelijutia maisha yako yote.

Wala usingoje mpaka uingie chuo kikuu. Katika maabara ya shule yako mmoja hupima, mwingine huandika, na waliosalia hunakili. Kabla hujatia jina lako chini ya kazi ya kikundi, jiulize: je, naweza kueleza sehemu ya mwenzangu kama ninavyoieleza yangu? Na mwenzangu, je, anajua nililobadili? Ikiwa jibu ni hapana, kalamu na ingoje.