Kifo cha Wengi Si Harusi

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na kwa siku kadhaa nchi nzima ilikaa pembeni ya kifusi kile. Waliofukiwa walikuwa wakizungumza na waokoaji kwa simu. Maji na hewa vilipenyezwa kwenye nyufa. Kila aliyetolewa hai alipokewa kwa vigelegele na machozi, na kila aliyetolewa maiti alikuwa na watu waliomsubiri wakimtaja kwa jina. Watu wa mikoani ambao hawajawahi kukanyaga Kariakoo walilala redio ikiwa wazi. Hivyo ndivyo watu wenye utu wanavyoomboleza, na katika hilo hakuna wa kulaumiwa. Msiba wa nyumbani lazima uliliwe kwanza nyumbani.

Haikutimia hata miezi mitatu, wapiganaji wa kundi la waasi la M23 wakaingia Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ilikuwa tarehe 27 Januari 2025. Baadaye Umoja wa Mataifa ulitaja vifo karibu 3,000. Habari hiyo haikufichwa. Ilisomwa redioni na kuandikwa magazetini. Lakini ilifika kwetu ikiwa tarakimu tu, bila sura ya mtu. Mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na za kusini mwa Afrika ulipofanyika Dar es Salaam tarehe 8 Februari, tuliwajua vizuri waliokuja kuzungumzia vita ile. Waliozikwa kwa sababu ya vita hiyo, nani kati yetu aliweza kumtaja hata mmoja?

Siku zile nilikuwa nimekaa dukani kwa rafiki yangu, Mtaa wa Kongo, palepale Kariakoo. Aliingia mama mmoja mfanyabiashara, mwenyeji wa Goma, aliyekuja kuchukua mzigo wa vitenge. Hakuuliza bei. Alikaa juu ya robota, akapiga simu, akasikiliza, akakata, akapiga tena. Redio ya dukani ilikuwa ikizungumza kwa sauti ya chini, na wala hatukuwa tunaisikiliza. Mwisho mama yule akainua macho, akasema kwa Kiswahili cha kwao, “Batu banakufa mingi, ndugu yangu.” Rafiki yangu alikuwa ameshika jora mkononi. Akaliweka chini, akamwambia, “Pole sana, mama. Una nani kule?” Mama akaanza kutaja: mdogo wake, mume wa mdogo wake, watoto wao wanne, kila mmoja kwa jina. Alipomaliza, rafiki yangu alinyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio.

Mkono ule nimeufikiria mara nyingi. Habari ilikuwa ileile ya dakika tano zilizopita, na umbali kutoka Dar es Salaam hadi Goma haukupungua hata hatua moja. Kilichobadilika ni kwamba sasa vita ilikuwa na mdogo wa mtu. Tunapenda kusema kwamba tunajali vya karibu kwa sababu viko karibu. Je, si kweli pia kwamba kitu huwa karibu pale tu mtu anapojali kuuliza?

Maana umbali wenyewe ni jambo la ajabu. Yule anayesema “batu” na mimi ninayesema “watu” tumetenganishwa na herufi moja. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022. Hata hivyo, habari ya mama wa Goma mara nyingi hutufikia kupitia mashirika ya habari ya Ulaya. Amelia kwa Kiswahili, kilio chake kikaandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza, kisha sisi tukakitafsiri kukirudisha katika Kiswahili. Katika safari hiyo ndefu, kitu cha kwanza kudondoka njiani ni jina lake. Wahariri wana sababu zao, na ni za kweli: kumpeleka mwandishi vitani ni gharama na ni hatari. Lakini tulipopoteza askari wetu wa kulinda amani pale Semuliki, Kivu Kaskazini, mwezi Desemba 2017, jina la mahali pale lilifika hadi vijijini kwetu. Wanakijiji wa upande ule walikuwa wakiuawa kabla ya siku ile, na waliendelea kuuawa baada yake.

Wahenga walituachia kauli ya kufariji: kifo cha wengi harusi. Waliisema kwa nia njema, kwamba msiba wa pamoja una wa kukushika mkono. Ninahofu kwamba sisi tumeigeuza. Tunaposikia kwamba waliokufa ni wengi, na wako mbali, moyo hupoa badala ya kuchomwa. Shirika la misaada la IRC lilikadiria kwamba vita vya Kongo na matokeo yake, kati ya mwaka 1998 na 2007, viligharimu maisha ya watu milioni 5.4, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Nani anaweza kulilia milioni tano? Aliyekufa kwa kuhara porini akikimbia bunduki hana picha wala kaburi linalojulikana. Harusi gani hiyo isiyo na hata mtu mmoja wa kualikwa?

Sisi tulipaswa kulijua hili kuliko wengine. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita kuu ya kwanza ya dunia. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na uchovu, na majina ya wengi hayakuandikwa popote. Wenye vita walikuwa na maombolezo ya kwao, mbali na hapa. Wakenya nao, baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, waliona jinsi dunia ilivyowahesabu na kupita. Walikusanyika Uhuru Park, wakawasha mishumaa, wakakataa ndugu zao wageuzwe idadi.

Sisemi tuwalilie wa Kariakoo kidogo ili tuwalilie wa Goma zaidi. Huruma haigawanywi kama mchele wa mgawo. Ninachosema ni kwamba tunayajua tayari yanayotakiwa. Katika mitaa yetu, kukitandikwa mkeka wa msiba, hata mpita njia husimama akauliza: ni nani amefiwa? Hakuna anayeanza kwa kuuliza wangapi. Basi mhariri, ukipata nafasi ya aya moja tu kuhusu Goma, iwe ya mtu mmoja mwenye jina, kazi na watoto. Na wewe msikilizaji, ukisikia Kongo ikitajwa, muulize jirani yako aliyetoka huko: una nani kule? Kisha usiondoke kabla hajamaliza kuwataja.