Khutba ya Ijumaa: Baina ya Magharibi na Isha

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetupa masikio, macho na nyoyo ili tumshukuru. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake wote. Enyi waja wa Mungu, nakuusieni, nami najiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Amma baad. Televisheni iliingia Unguja katika miaka ya 1970, na bara mnamo 1994, na leo majumbani mwetu huwashwa tangu asubuhi hata usiku wa manane, awepo wa kuitazama au asiwepo. Sisemi kwamba yote yaonyeshwayo humo ni haramu, kwani zimo habari za ulimwengu na darsa za masheikh. Nisemalo ni kwamba hata cha halali kikipita kiasi huwa israfu, na israfu ya wakati ni nzito kuliko ya mali, kwa kuwa mali iliyopotea huenda ikarudi, na saa iliyopita hairudi abadan.

Itazameni saa ya baina ya Magharibi na Isha, ambayo wazee wetu wakiitenga kwa kusomesha watoto. Mtoto ameketi mkekani, msahafu u juu ya marufaa, mdomo wasoma Juzuu Amma na macho yamo katika tamthilia; babake yumo katika mpira, na muadhini akiadhini husema, "Bado kidogo"; na mgeni apigaye hodi hukaribishwa na mtu asiyemgeuzia hata uso. Nasi twajua, kwa mafunzo ya Suratul Israa, aya ya 36, kwamba sikio, jicho na moyo, kila kimoja kitaulizwa.

Basi wasia wangu ni huu: tangu adhana ya Magharibi hata isaliwe Isha, televisheni izimwe, na wa kwanza kuizima awe baba mwenyewe, kisha amsikilize mwanawe akisoma, amuulize mkewe habari za mchana kutwa, na amjulie hali jirani aliye mgonjwa. Atakayeona uzito siku za mwanzo asikate tamaa, kwani nafsi huzoea izoeshwalo.

Ewe Mola wetu, tubarikie umri wetu, na utujaalie watoto wetu wawe kiburudisho cha macho yetu. Nasema kauli yangu hii, nami namuomba Mwenyezi Mungu maghufira, yangu na yenu. Amin.