Mtoto Asiyejibu Akiitwa, Shule Yake Ni Ipi?



Labda katika mtaa wenu yupo mtoto ambaye tukimwita hageuki, na hali masikio yake ni mazima. Hatutazami machoni. Anapanga vizibo vya chupa kwa mstari toka asubuhi hata jioni. Mtu akivisogeza, analia kama aliyepigwa. Nasi jirani twasema nini? Mmoja anasema: mama yake hakumlea vema. Mwingine ananong'ona neno baya zaidi: uchawi. Basi mtoto anafungiwa nyumbani.

Maneno hayo mawili ni uwongo. Hali hiyo inaitwa usonji. Dokta Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliieleza mwaka 1943 katika habari za watoto 11. Kwa miaka mingi waganga wengine waliwatupia mama kosa, ya kwamba hawakuwapenda wana wao. Leo inajulikana kwamba si kweli. Tena sheria ya Kongo ya 10 Januari 2009 inamwadhibu mtu anayemsingizia mtoto uchawi.

Basi mtoto huyu asome wapi? Pamoja na wenzake, ao katika shule ya pekee?

Tumtazame wa kwanza katika wale 11. Jina lake Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Alipokuwa hajatimiza miaka 4, wazazi walimpeleka akae katika nyumba ya watoto mbali na kwao. Mwaka mmoja baadaye wakamrudisha. Halafu alikaa shambani kwa mkulima mmoja na mke wake. Mtoto alipenda kuhesabu kupita kiasi. Wao hawakumkataza, bali walimwacha ahesabu mistari ya mahindi alipokuwa akilima. Alisoma katika shule ya kijiji, nako walimvumilia na mambo yake. Mwaka 1958 alimaliza masomo ya juu, akafanya kazi ya banki, akajua kuendesha motokari, akasafiri nchi nyingi. Alikufa mwaka 2023, mwenye miaka 89.

Mtu atatuambia: “Baba yake alikuwa avoka, walikuwa na mali.” Ni kweli. Tena si kila mtoto wa usonji atafika pale. Wengine hawasemi hata neno moja maisha yao yote. Lakini uvumilivu wa mkulima yule haukununuliwa kwa feza. Aliuliza kwanza mtoto anaweza nini, ndipo akampa kazi.

Mwaka 1994, kule Salamanca, Hispania, serikali 92 zilikubaliana kwamba shule za kawaida zipokee watoto wote. Ni neno la haki, maana mtu hujifunza kuishi na watu kwa kukaa nao. Lakini tusijidanganye. Kumweka mtoto huyu katika kilasi ya watoto 60, kelele zikimwumiza masikio, na mwalimu hakufundishwa habari zake, si kumpokea. Ni kumtupa kati ya watu. Shule ya pekee nayo yaweza kuwa ya heri, kama ina walimu wajuzi na watoto wachache. Yaweza pia kuwa gereza, kama tunampeleka ili tusimwone tena.

Kwa hiyo tusibishane juu ya jina la shule. Tuulize: Je, anafundishwa jambo analoweza kushika? Je, anarudi kwa watu wake? Je, yupo mtu anayejua kinachomtisha na kinachomtuliza?

Hata penye shule moja tu, yako mambo yasiyo na bei. Mwalimu aweza kumkalisha mbali na mlango, kumwonyesha kwa picha kazi za siku, kumwambia mapema kabla ya kubadili somo. Wazazi waweza kumweleza mwalimu desturi za mtoto wao bila haya.

Na sisi wazazi wa watoto wengine, tusimwendee mkubwa wa shule kuomba mtoto yule afukuzwe. Mwana wetu asipojifunza kumvumilia mwenzake kilasini, atajifunza wapi?

Kesho tukipita mbele ya nyumba ile iliyofungwa, tubishe hodi.