Jeraha Lisiloonekana na Hukumu Yetu

Tunapomwona mtoto anayeshindwa, hatukawii kutafuta mwenye kosa. Hata wanafunzi wa Yesu walifanya hivyo. Injili ya Yohana, sura ya 9, inasimulia jinsi walivyotaka kujua upofu wa mtu fulani umetokana na dhambi ya nani. Yesu hakukubali kuufanya upofu ule kuwa adhabu, wala kwa kipofu wala kwa wazazi wake. Alimponya. Hapa Kanda ya Ziwa swali lile lile lingali midomoni mwetu, na mara nyingi tunamwuliza mtoto mwenye selimundu.

Wengi wetu tunaijua selimundu kwa maumivu ya viungo, macho ya manjano na kuongezewa damu mara kwa mara. Wachache tunajua inavyofanya kichwani. Ubongo una sehemu nyeupe, yaani nyuzi zinazopeleka taarifa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Weupe wake ni wa mafuta yanayozifunika nyuzi hizo, kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Nyuzi zikijeruhiwa, taarifa huchelewa au hupotea njiani. Nyuzi za ndani kabisa ziko mbali na mishipa mikubwa ya damu. Ni kama nyumba zetu za juu maweni hapa Mwanza: maji yakipungua kwenye bomba, ndizo zinazokaukiwa kwanza. Damu ya mtoto huyu ni pungufu, na chembe zake zilizopinda hupita kwa shida. Ndiyo maana sehemu nyeupe huumia mapema.

Madaktari hukiita kiharusi kimya. Mkono haupoozi, mdomo haupindi, mtoto halalamiki. Makovu huonekana kwa kipimo cha MRI tu. Tafiti za Marekani zimeyakuta kwa zaidi ya robo ya watoto wenye aina kali ya selimundu kabla hawajafikisha miaka 6. Sisi tunachokiona ni mtoto anayesahau alichotumwa, anayebaki nyuma wenzake wakimaliza hesabu. Nyumbani tunamwita mvivu. Shuleni anachapwa. Jirani ananong'ona kwamba amerogwa.

Wapo watakaouliza: tukisema kila udhaifu ni ugonjwa, malezi yatabaki wapi? Swali ni la haki. Mtoto mgonjwa naye ana utashi, anaweza kusema uongo na anaweza kutubu, na kumwachia kila kitu ni kumdharau. Lakini tukumbuke mfano wa talanta. Mtumishi aliyepewa mbili hakudaiwa tano, na alipoleta mbili nyingine alisifiwa sawasawa na mwenzake. Bwana wake alijua alichompa. Sisi hatujui kilichomo ndani ya kichwa cha mtoto, na hata hivyo tunamdai. Anayehukumu bila kujua, hata akisema ukweli kwa bahati, hajatenda haki.

Kuna jambo jingine linalotugusa sote. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza kwa nini selimundu imeenea sana penye malaria nyingi, yakiwemo maeneo ya ziwa letu. Anayerithi mbegu moja ya selimundu, kutoka kwa mzazi mmoja, haugui selimundu, na malaria kali humpata kwa nadra. Anayerithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Maana yake, wengi wa mababu zetu walivuka utoto wao kwa kinga ile ile ambayo gharama yake anailipa mtoto huyu. Hakuna aliyemroga, wala si laana ya ukoo. Amebeba mzigo ambao wengine tulipata faida yake. Kwa nini Mungu aliruhusu iwe hivyo, hatuwezi kueleza. Lakini deni tunaliona, na deni hulipwa kwa matendo.

Kulipa kunawezekana. Katika Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo Kanisa linashiriki kuiendesha, watoto wenye selimundu wana kliniki yao. Kipimo cha mawimbi ya sauti huonyesha kasi ya damu kichwani na kuwatambua walio katika hatari ya kiharusi, na dawa ya haidroksiurea hupunguza hatari hiyo. Lakini mama anayetoka Ukerewe anahitaji nauli ya kivuko, na anahitaji mtu wa kubaki na watoto wengine. Hiyo ni kazi ya jumuiya. Mwalimu naye anahitaji kuelezwa kwamba mtoto huyu apewe agizo moja moja na muda zaidi, na fimbo iwekwe chini. Vijana wanaojiandaa kwa ndoa wanahitaji kuhimizwa wapime damu mapema, bila kutishwa.

Kujua haya nako ni sehemu ya upendo. Tukishajua, neno "mvivu" linakuwa zito mdomoni, na ni vema liwe zito.