Mwizi Asipange Foleni

Tuseme korti imefunga akaunti ya tapeli. Ndani kumebaki shilingi 300,000. Waliotapeliwa ni watatu: jamaa wa boda aliweka 100,000 mwezi Januari, mama mboga 200,000 Februari, mwalimu mstaafu 300,000 Machi. Jumla ni 600,000. Nusu ishaliwa. Sasa nani apate ngapi?

Mwalimu ana jibu tayari: "Za hao wengine zililiwa kitambo. Hii iliyobaki ni yangu." Usimcheke. Tangu 1816, katika kesi ya Clayton iliyoamuliwa London, sheria ya Kiingereza ina kanuni kwamba pesa iliyotangulia kuingia kwenye akaunti huhesabiwa kuwa ndiyo iliyotangulia kutoka. Ukiifuata hapa, mwalimu anabeba zote 300,000, na wenzake wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Lakini kanuni hiyo ilitoka kwenye hesabu za benki na mteja wake. Haikuwa ya watu walioibiwa na mkono mmoja. Shilingi zikishachanganyika hazina jina wala uso. Kusema iliyobaki ni ya mwalimu ni kumpa tapeli kazi ya pili: kwanza atuibie, halafu atupangie foleni ya kulipwa.

Kuna pia jibu la mwenye mbio: aliyewahi, amewahi. Boston, mwaka 1920, Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 90. Mambo yalipoanza kunuka, wengine walikimbia wakarudishiwa pesa zao kabla ya kila kitu kuanguka. Mwaka 1924 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwaagiza warudishe, ili waliodanganywa wote wawe sawa. Ukali, eh? Lakini walicholipwa kilikuwa jasho la wenzao.

Basi wagawane kwa kiwango cha hasara: kila shilingi iliyopotea ilipwe senti 50. Jamaa wa boda anapata 50,000, mama mboga 100,000, mwalimu 150,000. Na kama kuna aliyewahi kupewa "faida", ipunguzwe kwenye dai lake. Faida gani, na hakuna biashara iliyofanywa? Ilikuwa pesa ya mwenzake. Ndivyo ilivyofanyika kwa waathiriwa wa Bernard Madoff huko Marekani: kilichohesabiwa ni ulichoweka, ukitoa ulichochukua. Utajiri ulioandikwa kwenye karatasi haukuhesabiwa.

Hata hapo roho haitulii. Tuseme 200,000 za mama mboga ndizo zilikuwa karo, kodi na mtaji wa kibanda, na mwalimu bado ana pensheni kila mwezi. Senti 50 kwa kila mmoja ni sawa kwenye kikokotoo, lakini si sawa mezani kwao. Je, korti ipime shida pia? Mimi nasema hapana. Ikianza kupima shida, tutashindana kulia mbele ya hakimu, na anayejua kulia vizuri ndiye atakayeshinda.

Lakini kile ambacho korti haifai kulazimisha, watu wanaweza kukubaliana. Mwalimu akiamua kumwachia mama mboga sehemu ya fungu lake, hiyo ni hiari yake, na ni jambo kubwa. Ila ili aweze kuachia, lazima kwanza ijulikane kipi ni chake.