Umati Ndio Hakimu

Huku Usukumani, pamba ikishauzwa, msimu wa ngoma unaingia. Vyama viwili vya ngoma hushindana: Bagika wanashika upande huu wa uwanja, Bagalu upande ule, wote wanacheza wakati mmoja, na hakuna meza ya majaji. Kundi lililovuta watu wengi ndilo limeshinda. Mtazamaji anayehama duara moja kwenda jingine amekwishatoa hukumu kwa miguu yake. Kwa mtu wa Nkololo, huku Bariadi, kuhudhuria ni kushiriki, na mwili wake ni hesabu.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeambiwa mwaka 2020 akae mbali na mwenzake. Mgonjwa wa kwanza wa corona nchini Tanzania alitangazwa Machi 16. Mikusanyiko ikazuiwa, ibada zikaachwa ziendelee. Mwishoni mwa Aprili takwimu za kitaifa za ugonjwa zikakoma kutolewa. Juni 29 shule zote zilikuwa zimefunguliwa, na Agosti uwanja wa Nyakabindi, hapa hapa Bariadi, ukapokea Nane Nane ya kitaifa.

Kwa hiyo wenzetu wa Ulaya walipokuwa wakirudi viwanjani na vyeti vya chanjo mkononi, sisi tulikuwa tumesharudi zamani. Chanjo ilitukuta uwanjani. Dozi 1,058,400 za Janssen zilifika Julai 24, 2021, na siku nne baadaye Rais Samia akachanjwa hadharani. Mwanzoni watu walisuasua, uvumi ulikuwa mwingi, hadi wahudumu wa afya walipoacha kungoja zahanati na kufuata watu minadani, makanisani na misikitini. Mtu amekuja kuuza mbuzi, kamba bado ameishika, anakunja mkono wa shati, anachomwa sindano, jina lake linaandikwa daftarini.

Hilo daftari nimelifikiria kuliko sindano yenyewe. Sisi ambao ushindi wetu hupimwa kwa wingi wa watu tulipitisha zaidi ya mwaka mzima bila hesabu ya waliotutoka. Misibani ilisemwa tu kwamba mzee alipata changamoto ya upumuaji, watu wakanawa kwenye kibuyu chirizi, wakashikana mikono, wakazika. Umati ulikuwepo, tena mkubwa, lakini ulikuwa umati usiojua umepungukiwa na nani na kwa nini. Naamini hapo ndipo tulipojeruhiwa zaidi, maana kukusanyika bila kuruhusiwa kutaja kilichotukusanya ni nusu ya kukusanyika.

Chanjo haikuzuia kila maambukizi. Ilipunguza kuugua sana na kufa. Hilo lilitosha kumfanya kijana akubali kuchomwa kwa ajili ya bibi anayeishi naye, hata kama yeye mwenyewe haogopi. Kwangu mimi, huko ndiko kurudi hadharani kwa kweli: kumsogelea mtu ukijua unachoweza kumletea, na ukiwa umefanya uwezalo usimletee. Umati unaweza kuamua ngoma gani imeshinda. Kirusi hakiangalii nani ana watazamaji wengi, na kwa hilo hukumu ya wengi haikutufaa.

Manju hutunga nyimbo za mambo ya mwaka: mvua, bei ya pamba, fitina za mahasimu wao. Natamani watunge na za miaka ile, wawataje wazee wetu mmoja mmoja kwa majina, Bagika na Bagalu kwa zamu, kabla mashindano hayajaanza.